Nyumba ya Shimo

"Upana karibu mita tatu," alisema Jaspal, fundi seremala wa mtaa wa Handsworth, akiirudisha futi yake mfukoni. Alikuwa amesimama ndani ya shimo lililokuwa katikati ya sebule, sakafu ikimfika magotini. Alilipapasa benchi la mbao lililozunguka kuta za shimo, akatikisa kichwa. "Kazi ya watu hii. Una hakika unataka niifunike?"

"Funika," alijibu Safiya. "Baba yangu ameanguka humo. Safari ijayo hatutakuwa na bahati."

Mwanamize, aliyeajiriwa kumhudumia huyo baba, aliyasikia yote. Alikuwa jikoni, na jiko la nyumba ile halikuwa na ukuta wa kumsitiri mtu. Alikuwa akimenya viazi, na kimoja alikimenya mpaka kikabaki ukubwa wa kokwa.

Tuseme kweli, nyumba yenyewe ilikuwa kituko. Mzee Abdulnasir, baba yake Safiya, alitoka Unguja akiwa kijana kwenda Marekani kusomea uchoraji wa ramani za majumba. Huko mwalimu wake akamkaribisha chakula katika nyumba ya vioo na mbao, paa bapa, kuta za kuhesabu, na katikati ya sebule watu wanashuka vidato viwili kwenda kukaa kwenye benchi moja linalozunguka. Wamarekani walijiona wamevumbua jambo. Yeye aliona baraza la kwao, ila limeingizwa ndani na kuteremshwa chini, hakuna kiti cha mkubwa wala cha mdogo. Alipohamia Birmingham, Uingereza, akanunua kiwanja mtaa wa Selly Oak, akaijenga nyumba ile ile, nusu yake kwa mikono yake mwenyewe.

Wazanzibari wa mji huu hawakumwacha. Wanawake walipoalikwa maulidi walicheka mpaka machozi: mtu mzima kachimba kaburi sebuleni! Jina likakaa, Nyumba ya Shimo. Mzee hakubishana nao. Aliwateremsha humo, akawapa kahawa, na wakishakaa ikawa kazi kuwanyanyua.

Baadaye presha ya macho ikamchukulia nuru yote. Hata hivyo nyumbani kwake alitembea mikono nyuma, bila fimbo, kama mtu anayekagua shamba lake. Alama yake ilikuwa moja tu: kimeza kifupi kilichowekwa karibu na ukingo wa shimo. Goti likishakigusa, anageuka kulia, anashuka vidato vyake viwili, anakaa.

Na Mwanamize ndiye aliyekiondoa kile kimeza.

Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa amepiga deki, na ile kona anayosalia siku zote ilikuwa bado majimaji. Alasiri ilikuwa inamponyoka. Akakisogeza kimeza ukutani, akatandika mswala wake pale ukingoni kuelekea kibla, akasali mbio mbio kwa kuwa alikuwa na sufuria jikoni. Maziwa yakafurika. Akakimbilia jikoni, na kimeza akakisahau. Mzee akatoka chumbani mikono nyuma, goti lake likakitafuta kimeza na kukikosa, naye akaenda chini mzima mzima.

Kuanguka ni ajali, na mtu husamehewa ajali. Lililomla Mwanamize ni lile alilolifanya baada ya hapo. Alifika mbio, akamwona mzee amelala shimoni, damu usoni, anaita jina lake. Na kabla hajashuka kumnyanyua, alikirudisha kimeza mahali pake. Alikisukuma kwa mikono miwili, akakiweka sawa sawa, ndipo akashuka. Kipofu hangeweza kuona.

"Kaangukaje?" Safiya aliuliza hospitali, wakati baba yake anafungwa plasta ngumu ya mkono uliovunjika.

"Kakosea hatua," alisema Mwanamize.

Alisema hivyo kwa woga, si kwa ubaya, lakini woga wake ulikuwa na sababu na yeye aliijua vizuri. Kampuni iliyompa kazi ya kuhudumia wazee ndiyo iliyomletea kibali cha kukaa nchi hii. Kazi ikikatika, kibali kinakatika. Kwa hiyo alinyamaza, na shimo likabeba kosa. Kila aliyekuja kumwangalia mgonjwa alisema ndiyo hayo, Abdulnasir, tulikwambia tangu zamani. Mwanamize aliwagawia chai watu hao mmoja mmoja na kuinamisha kichwa.

Baya zaidi, mzee naye aliamini. "Nimeisahau nyumba yangu," alisema siku aliyorudi. Tangu hapo hakuthubutu kutoka chumbani bila kushikwa. Safiya alipomuuliza kuhusu kuliziba shimo, alisema, "Ziba tu. Mimi si wa kuaminika tena."

Sasa mashine ya Jaspal ilikuwa inalia sebuleni. Mwanamize alisogea na kitambaa mkononi kama mtu anayefuta vumbi. Mbao za kushikilia zilikuwa tayari, nusu ya shimo imekwisha kufunikwa. Bado ingewezekana kusema.

"Da Safiya," alianza.

Safiya aligeuka, akamkumbatia. Alizaliwa mji huu, Kiswahili chake kilikuja kwa vipande. "I know, I know. Hata mimi inaniuma. Lakini bila wewe, Mwanamize, that day, sijui ingekuwaje. Honestly. Wewe ni family."

Mwanamize alisema asante. Alijichukia alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, na hakulirudisha. Jaspal akatia ubao mwingine.

Alasiri kazi ikawa imekwisha. Jaspal alifagia vumbi lake, akasimama kidogo akiitazama sakafu aliyoitengeneza, akaondoka bila furaha ya fundi aliyemaliza kazi. Safiya naye akawahi kuwachukua watoto shule. Sebule ilibaki tambarare kama sebule ya mtu yeyote.

"Nipe mkono, mwanangu," alisema mzee kutoka mlangoni. "Nataka kuizoea."

Mwanamize alimshika. Walikwenda polepole, ndara za mzee zikiburuzika. Mahali fulani katikati ya chumba mzee alisimama mwenyewe, bila kugusa kitu chochote. Mguu wake wa kulia ukanyanyuka, ukashuka taratibu kutafuta kidato, ukakutana na ubao. Mwanamize alitazama chini. Pale pale chini ya kidole gumba ndipo sakafu ya zamani ilipokutana na mbao mpya.

"Umeona?" Mzee alicheka kicheko kisichopendeza. "Kichwa kimekwisha. Nilidhani lilikuwa hapa."

"Lilikuwa hapo hapo, mzee."

"Usinibembeleze."

"Wallahi lilikuwa hapo hapo. Hukusahau kitu. Kimeza nilikiondoa mimi. Nilisali hapa nikakisahau. Ulipoanguka nikakirudisha kwanza, ndo nikaja kukunyanyua."

Mzee aliuachia mkono wake.

"Kimeza kwanza?"

"Kimeza kwanza."

"Na mimi nakuita."

"Na wewe unaniita, mzee."

Kama angemtukana, Mwanamize angeona afadhali. Mzee aliugeuza uso wake upande wa vioo, ambako mvua ilikuwa imeanza, akasikiliza.

"Siku zote hizi naogopa kwenda msalani kwangu mwenyewe," alisema. "Nalala naihesabu milango ya nyumba hii. Nasema leo nimesahau shimo, kesho nitalisahau jina la mwanangu. Nimemruhusu aizibe, Mwanamize. Kwa mdomo wangu."

"Nisamehe."

"Huko sijafika. Mpigie Safiya."

"Nitapoteza kazi, mzee. Nitarudishwa."

"Najua," alisema mzee, na sauti yake haikuwa na hasira wala huruma. "Mpigie."

Akaipeleka mikono nyuma, wa plasta juu ya mzima, akaanza kutembea. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye vioo, hatua za mtu anayejua anakokwenda, akageuka bila kupapasa, akarudi. Juu ya mbao mpya ndara zake zilibadilika sauti, zikatoa mlio wa uwazi ulio chini. Kila alipofika ukingoni mguu ulisita kidogo, ukashuka kutafuta kidato, ukakosa, ukaendelea.

Simu iliita kwa muda. Kisha zikasikika kelele za watoto ndani ya gari, na sauti ya Safiya juu yao, imejaa hofu.

"Mwanamize? Baba yuko okay?"

Mwanamize alimtazama mzee akipita mbele yake, kichwa juu, akielekea tena kwenye vioo.

"Yuko sawa," alisema. "Tokea mwanzo alikuwa sawa, da Safiya. Simamisha gari kwanza."