Mshono wa Kushoto

"Simama wima. Bana pumzi, kisha jikaze kama unayenyanyua gunia," daktari alisema nyuma ya pazia.

Mama alikaa upande wa huku, suruali ya mwanawe mapajani. Fundi cherehani hashiki nguo bila kuipapasa. Kidole kilijipeleka chenyewe kwenye mshono wa kushoto, pale alipoongeza kipande.

"Mishipa ya korodani imevimba na kujisokota. Joto lake ndilo linaloharibu mbegu. Tutakupasua kidogo hapa kwenye kinena, tuifunge. Huenda ukapata mtoto, ila sikuahidi. Ilianza lini?"



Mama alikumbuka. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na mitano, kasimama mlangoni: "Mama, huku kushoto kunanivuta."

"Funga bakuli lako! Unataka watu watucheke?" Akamkatia suruali pana upande mmoja, na tangu siku hiyo hakumshonea nyingine ila hivyo.

Mkwewe, mke wa mwanawe, aliliona hilo. "Mama, mbona suruali zake hazilingani?"

"Fundi hapa nani, mimi au wewe? Mwanangu hana kasoro. Wewe ndiye shamba la mawe."

Miaka saba ya maneno hayo. Siku alipofungasha, mkwe aliaga kwa adabu: "Mama, mkasi wako nimeurudisha kwenye droo." Sasa ana watoto wawili, kwa mume mwingine.

Pazia lilifunguliwa. "Mama, wewe ndiye mlezi. Alipobalehe hakulalamika?"

Ulimi uliozoea kumtaja Mungu kabla ya kutunga uzi ndio uliojibu:

"Hakulalamika, daktari."

Mwanawe aliitazama ile suruali. "Kumbe shamba halikuwa na mawe," alisema taratibu, akanyoosha mkono apewe nguo yake avae.

Wiki iliyofuata walimwingiza chumba cha upasuaji. Mama alibaki kwenye benchi na suruali ile ile. Akatoa wembe mkobani, akaanza kufumua, uzi baada ya uzi, mpaka kipande kikamwangukia mkononi. Kisha akatunga sindano, akaushona upya mguu wa kushoto, ukawa sawa na wa kulia.

Mlango ulifunguliwa. Mwanawe alitolewa kwenye kiti cha magurudumu, kafunikwa shuka, macho ukutani.

"Mama, suruali yake iko wapi?" muuguzi aliuliza. "Ana bandeji na uvimbe kidogo. Anahitaji iliyo pana."

Mama alifumba kiganja juu ya kile kipande.