Nani Asafishe Kijito

Samaki walipoanza kuelea matumbo juu kwenye kijito kinachoingia Ruvuma, kitongoji kizima kilimgeukia Carlota. Yeye na binti yake Ines walikuwa wamevuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, na kila kiangazi walivundika muhogo wao mle majini.

"Asafishe aliyechafua," Hashimu alisema kikaoni. "Jasho letu la nini?"

Hadija, dada yake, aliitikia kwa kichwa. Hata yeye alimshuku mwanamke yule aliyesalimia kwa sauti ya chini na kupita. Lakini ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya maji, ikambidi aende akajionee. Carlota akamfuata.

"Unanifuatia nini, Mama Ines?"

"Usije ukaona kisichokuwepo."

Walipanda na kijito, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Kwenye muhogo wa Carlota maji yalinuka kweli. Hadija alikwisha kuridhika, mpaka alipotazama mbele: huko juu, kabla maji hayajaufikia muhogo, samaki walikuwa wamekufa vilevile.

Wakasonga hadi chini ya mikorosho, mahali wakulima walipooshea mabomba ya kupulizia. Chupa tupu za dawa zilizagaa majini, na kati yake dumu la bluu lenye mpini uliofungwa kitambaa.

Hadija akasimama. Angeweza kulisukumia majanini kwa mguu tu.

"Unalijua?" Carlota aliuliza, macho hayabanduki usoni pake.

Hadija akaliinamia, akaliokota. "Langu. Nilimwazima kaka yangu."

Kikao cha pili kilikuwa kikali. "Kwani napulizia peke yangu?" Hashimu alifoka. Wenye mikorosho wenzake wakainamisha vichwa. Mwishowe wakakubaliana: wanaopulizia wazoe tope na kuchimba shimo la kuoshea mabomba mbali na maji, Carlota ahamishie muhogo wake pembeni, na waliobaki, kwa kuwa wote wanakunywa, wafyeke magugu.

Siku ya kazi Carlota alitangulia na jembe lake, akasimama mahali alipoweza kumwona kila mtu.

Masika yalipopita, samaki walirudi. Hashimu hakukanyaga tena kwa dada yake mwaka ule. Carlota alianza kupita kwa Hadija kuomba moto. Akikaribishwa kiti, husema ana haraka.