Kasri la Rosina

Tangu Rosina arudi kutoka Uingereza, nyumba nzima ya Madam Ashwaq iligeuka kasri. Watoto hawali bila hadithi ya kasri alilolitembelea huko, hawalali bila kasri. Frida, mwenzake wa kazi, alikuwa akipiga pasi chumba cha pili na kusikia kila neno.

"Bwana mwenye kasri akaenda vitani na mfalme," Rosina alisimulia, "wakabaki bibi na wajakazi wake. Maadui wakawazingira majira yote ya baridi. Wajakazi wakapanda ukutani wakawamwagia uji wa moto! Na leo wazao wa bwana huyo wanawauzia wageni tiketi na keki, maana paa linavuja."

Watoto wakaangua kicheko. Frida akabana meno. Uji! Utadhani Rosina ndiye aliyeukoroga. Wote wawili walitoka Moshi, wakaletwa Dubai na wakala mmoja, lakini kila kiangazi Madam alipokimbia joto kwenda Uingereza alichukua dada mmoja tu wa kazi, na miaka yote huyo mmoja alikuwa Rosina. Frida aliachiwa kufuta vumbi katika nyumba tupu. Ulikuwa wivu, tena wa kuchoma, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Alitaka kuupanda mnara wa kasri lile kwa miguu yake mwenyewe.

Safari ilipokaribia, akamfuata Madam sebuleni.

"Samahani, Madam. Rosina anawatisha watoto. Anawaambia kwenye kasri kuna mzimu wa mwanamke asiye na kichwa."

Uongo mtupu. Rosina hakuwahi kutaja mzimu.

"Una hakika?"

"Wallahi, Madam," akaapa Frida, Mlutheri wa Moshi, kwa kiapo cha wenye nyumba, maana alijua ndicho kinachoaminika humo.

Madam akakata shauri. "Khalas, yamekwisha. Kesho anarudi kwa wakala. Ajabu, jana tu aliniomba nimwache yeye, nikuchukue wewe. Alisema na wewe ukaone. Basi utakwenda."

Jioni Frida alimkuta Rosina chumbani anakunja nguo, macho mekundu.

"Watoto bwana! Sijui huo mzimu wameutoa wapi," Rosina alisema, akijitahidi kucheka. "Haidhuru, angalau utakwenda wewe. Ila mdogo wangu, ngazi za mnara zinateleza. Ushike sana kamba ya ukutani."

Frida akaitikia kwamba ataishika.