Maharagi Ine Ndani ya Kofia ya Sudi

Sudi akinywa chai kwangu, mimi natazama mikono yake. Akiisha kwenda, nahesabu vijiko. Huku mutaani Alunguli wanasema mimi, Mama Hawa, nina roho ngumu. Waseme! Huyo ndugu ya marehemu mume wangu ni muntu wa kuchungwa, na sababu ninayo.

Wakati wa vita tulijificha porini. Chumvi ikiisha, mwanaume mumoja alirudi mjini kuitafuta, na njia ilikuwa na wenye bunduki. Wanaume walikuwa wane: mume wangu Ayoubu, mudogo wake Sudi, na majirani wawili. Walipiga kura. Maharagi matatu meupe na moja jeusi ndani ya kofia ya Sudi. Kila muntu anaingiza mukono bila kutazama, na mwenye jeusi njo anaenda. Mara ya kwanza, Ayoubu. Mara ya pili, Ayoubu. Mara ya tatu, Ayoubu tena, na hakurudi. Mimi nilikuwa na mimba ya Hawa. Na nani alishika kofia? Sudi!

Leo Hawa anafundisha hesabu, na Ijumaa anaolewa. Baba yake hayuko, basi wa kumuozesha ni baba mudogo. Ati mukono ule ule ulioshika kofia utoe binti ya Ayoubu! Nikasema tutafute shehe amuozeshe. Hawa akalia. "Mama, bila baba mudogo watasema sina ukoo."

Nikamupa ile kura kama hesabu ya wanafunzi wake, bila kutaja majina. Akaandika kwa chaki kwenye mulango.

"Robo mara robo mara robo. Moja juu ya makumi sita na ine."

"Na kama yule muntu alivuta wa mwisho kila mara?" Maana Ayoubu, kama kaka mukubwa, aliacha wengine watangulie.

"Wa kwanza ao wa mwisho ni sawa tu. Inaweza kutokea, lakini ni vigumu."

Vigumu! Si nilijua? Nikamuita Sudi siku ile ile.

Akakaa, kofia juu ya goti. Nikamutupia hesabu usoni mbele ya Hawa. "Moja juu ya makumi sita na ine! Ulimuua ndugu yako, Sudi!"

Hakukasirika, na hilo likanitia shaka zaidi. Akamugeukia Hawa. "Mwalimu, watu wane, maharagi ine. Kila mumoja akitoa lake, ndani inabaki ngapi?"

"Hakuna, baba mudogo."

"Mara ya pili, Ayoubu alipokwisha kwenda, nilivaa kofia yangu. Kitu kikaniangukia shingoni. Haragi jeupe."

"Kisha?" nikasema. Sikuelewa kitu.

Hawa alikuwa ameelewa. "Nani aliyatia maharagi ndani?"

"Baba yako, kama mukubwa."

"Mama, ndani yalikuwa meupe yote ine. Jeusi baba alikuwa nalo mukononi toka mwanzo, na jeupe lake aliliacha ndani."

Loo, Ayoubu! Nikamukasirikia kana kwamba amesimama pale mulangoni. Aniache na mimba yangu porini, kwa kupenda mwenyewe! Nililia kwa hasira, na kwa kumupenda.

Kisha nikajipangusa macho. "Sudi. Ulijua mara ya pili. Na mara ya tatu?"

Akatazama chini. "Mara ya tatu nilishika kofia, shemeji. Nilijua. Niliogopa kufa, nikanyamaza."

Hawa akaanza kufuta mulango. Nikamumiminia Sudi chai.

"Ayoubu alitaka wewe ubaki," nikamuambia. "Basi fanya kazi yake. Ijumaa utamuozesha binti yake. Lakini kofia hiyo uiache nyumbani."

Ijumaa alikuja kichwa wazi, mbele ya shehe na ukoo wote, na watu wakanong'ona. Akamuozesha Hawa. Mikono yake sikuitazama.