Bwana Harusi Aliyewaka Kijani

Saa kumi na mbili jioni Kaliza alikuwa shambani Kagugu akipalilia viazi vitamu, marehemu Bayingana alipotoka kwenye tuta la tatu, akajipangusa udongo magotini, akachukua jembe la pili. Mwili mzima ulikuwa ukiwaka kijani hafifu.

"Umechelewa," Kaliza alimwambia. Kweli alikuwa amechelewa. Kilio kilimalizika wiki tatu nyuma.

Mwanga wenyewe haukuwa na siri. Bayingana alikuwa mtu wa maabara, akifuga minyoo ya udongoni, midogo isiyoonekana kwa macho, inayoua fukusi wa viazi. Tumboni mwa kila mnyoo wamo bakteria. Mnyoo humwingia fukusi na kuwatapika bakteria. Hao humuua, kisha mnyoo na bakteria hula pamoja na kuzaana mle ndani, na mzoga ukatoa mwanga. Miaka tisa Bayingana alileta nyumbani minyoo iliyobaki, akaimwaga shambani.

"Mmoja bila mwenzake ni bure," alizoea kusema. "Na hawajafika sekta hata siku moja!"

Kaliza alicheka, masikini, miaka yote tisa. Mahari ilitolewa, ng'ombe wawili, wazee wakanywa wakaridhika. Ile safari ya ofisi ya sekta, kuapa mbele ya bendera na kuandikisha ndoa, waliisogeza kila mwaka. Sasa karatasi ya shamba na nyumba ilikuwa na jina la Bayingana peke yake, na mdogo wake, Habumugisha, alikwisha kuleta wapimaji. Kaliza hakuwa na pengine pa kulala wala pa kulima.

Alhamisi, siku ya ndoa pale sekta, alimvalisha marehemu koti la kijivu, akamjazia viatu udongo wa tuta la tatu asizimike njiani. Maharusi wengine waliwasogezea kiti. Bayingana alishika bendera, akainua mkono wa kulia, akaapa kwa sauti iliyowashinda wote. Vigelegele vikapigwa. Karani alifungua kitabu, akaweka kalamu chini.

"Pongezi, mama. Ila iko shida kidogo. Kitambulisho cha mzee kimefungwa. Alete cheti cha kuwa hai."

"Si huyu hapa?"

"Yeye ninamwona, mama. Cheti ndicho nisichokiona."

Habumugisha, aliyekuwa nyuma ya ukumbi, alimkumbatia kaka yake, akalia machozi ya kweli, akamuuliza kama huko hakuna baridi. Kisha akaenda dirisha la ardhi kuchukua karatasi yake.

Kaliza alihamia chumba cha kupanga Kibagabaga, ua wote saruji. Udongo wa viatuni ulikuwa umekwisha, na mwingine haukuwa wake tena kuuchota. Alilia siku mbili, jamani, akaoga, akatafuta kibarua.

Kule Kagugu Bayingana bado hutoka tutani jioni, hulima mpaka giza liingie. Viazi vile havina fukusi hata mmoja, na soko la Kimironko linavigombea. Jumamosi Kaliza hupanga foleni na wenzake, hununua kilo mbili, na Habumugisha humwongezea kiazi kimoja juu, kwa kuwa ni shemeji yake.