Wimbo wa Mzee Fortunat

...na bado anatabasamu, Mzee Fortunat, pale mstari wa mbele, shada la maua mapajani kama bibi harusi, wanamsherehekea miaka themanini, ukumbi wa parokia umejaa, matajiri wa mtaa wa Kinindo wamekuja na magari yao na manukato yao, na mi nimesimama mbele ya kwaya nangoja Namegabe amalize utangulizi wa kinanda niimbe solo, solo ya wimbo alioutunga yeye mwenyewe, na hajui kwamba sitaimba, kinanda kitafika mahali pangu na nitafunga mdomo, nitamkazia macho tu, mbele ya mapadri wote, mpaka hilo tabasamu limdondoke... polepole, Namegabe, unapiga vizuri leo, vizuri mpaka inauma, pale katikati sauti inaposhuka halafu inajuta na kupanda tena, pananinasa kila mara na ninapachukia, kwa nini Mungu alimpa mtu huyu mkono wa kutunga kitu kama hiki, Xavier alikuwa akiupiga mluzi huku ananyoa ndevu, kaka yangu Xavier, mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye kwaya hii hii, akiingia yeye akina mama wanageuka kwenye mabenchi kumtafuta, na siku ile ya mazoezi nilikuwepo, Fortunat ametoka kusoma muziki Ulaya, anatuambia habari za yule Mjerumani mkubwa, mtunzi wa opera, jinsi alivyoandika kwamba Wayahudi hawawezi kutunga muziki wa kweli, wanaiga tu, aliandika kwanza kwa jina la uongo, baadaye kwa jina lake bila aibu, na Fortunat akavua miwani, akaifuta, akasema hata hapa kwetu kuna watu wa muziki na kuna makasuku, akamtazama Xavier, tukacheka, Xavier mwenyewe alicheka, tulidhani ni utani wa mwalimu... "Dada Adélaïde, cheka kidogo, wanapiga picha," Laure ananong'ona nyuma yangu, mtoto mzuri, wakati ule alikuwa hajazaliwa, ngoja tu, Laure, utaniona nikicheka... maana vita vya makabila vilipofika Cibitoke, mtaani kwetu, Fortunat alipanda juu ya meza kwenye mkutano wa vijana, kwa sauti ileile ya kutuhesabia mapigo, "Makasuku tunawajua! Nyumba kwa nyumba tunawajua!" na vijana wale wakaja mchana kweupe, wakiimba, wakiimba huu huu wimbo kwa sauti zote nne, kwa sababu walikuwa wanakwaya, tulikuwa tumekaa nao benchi moja, na Xavier alipousikia kwa mbali alitoka mlangoni bila viatu, alidhani wamekuja kumwita mazoezi... na we leo, Fortunat, una maua... Léonce, kiongozi wetu, anaongoza bila kunitazama, ameona kitu usoni mwangu, anaogopa, juma lililopita alinivuta pembeni akasema, "Mi nakuelewa, dada, lakini wimbo haukuua mutu. Yule Mujerumani nae alikuwa mubaya, na dunia yote inapiga nyimbo zake. Kuna Muyahudi, mutoto wa rabi, ndiye alimuongozea opera yake ya mwisho. Unatenganisha wimbo na mutu, basi." Nikamwuliza, "Na Xavier, nimutenganishe na nini?" akabaki anapanga karatasi zake... namfikiria sana huyo mtoto wa rabi, mkono wake ulipokuwa hewani na wapiga ala wote wanamngoja, alikuwa anapenda au alikuwa anameza tusi, au vyote viwili, kama mimi sasa hivi, maana mbavu zangu zimeshaanza kufunguka zenyewe, mwili unaujua wimbo, mwili hauna haya... loo, anatoa kitambaa, analia, Fortunat analia, uzuri wa wimbo wake mwenyewe unamliza, na ndugu zake wanampapasa mgongoni, maskini mzee, na hapo naona wazi itakavyokuwa nikinyamaza, Laure ataidaka solo yangu, watasema Adélaïde kaishiwa nguvu, joto hilo, mleteeni Fanta, naye atakuja na kitambaa chake kilicholowa anishike bega, atanisamehe, yeye, mimi... apana, apana kabisa, kimya ndicho tulichompa miaka yote hii, amenenepa kwa kimya chetu, na mi nilikuwa nimpelekee kingine, cha siku ya kuzaliwa... sawa, Léonce, nitatenganisha kama ulivyotaka, nitauimba wote, nitauimba mpaka wasimame kwenye viti, mpaka wasiwe na njia ya kusema sauti ya mtu wa kabila letu si sauti, na wakimpandisha jukwaani na kipaza sauti kimewashwa na ananinyooshea mkono kunishukuru nitaushika, mkono wa mzee, mwepesi, wenye madoa, nitaushika na sitauachia, nitasema jina la kaka yangu, nitasema walikuja wakiimba nini na nani aliwafundisha, halafu nitamwomba awaeleze hawa watu wa heshima, taratibu, kasuku alikuwa nani, na ajibu, na tutasimama hapo mpaka ajibu... wimbo wauchukue waende nao nyumbani, wawabembelezee watoto, sina ugomvi nao, lakini yeye simwachii mtu... anafuta macho, anatabasamu tena, ananiitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesema, vuta pumzi, mwanangu, na Namegabe bado hajafika mahali pangu, na mi navuta pumzi