Mizani ya Tisa

Saa mbili asubuhi, darasa la sita la shule moja ya Kadutu lilisoma shairi ubaoni, na mvua ikanyesha kwenye nyumba ya mwalimu wao peke yake, mteremkoni chini ya shule. Ilikuwa Juni 1973, kiangazi. Mabati ya majirani yalibaki na vumbi.

Shairi alilitunga mwalimu mwenyewe, Madeleine:

Wingu latoka ziwani,
lapitia migombani,
labisha kwangu batini,
lanikuta mlangoni.

Mishororo minne, mizani nane kila mmoja, kina cha mwisho “-ni”. Alilipeleka kwenye mashindano yaliyosimamiwa na inspekta wa shule. Inspekta akalisambaza mashuleni kwa jina lake yeye mwenyewe, akabadili mshororo wa tatu tu, kukisifu chama tawala: labisha kwa Chama batini.

Tangu hapo kila darasa liliposoma, juu ya nyumba ya Madeleine lilianguka tone moja kwa kila mizani. Yale thelathini na mawili bati liliyahimili. La tisa la mshororo wa tatu lilipenya tundu la msumari likaangukia godoro.

Jirani yake, Maman Apolline, ndiye aliyeburuta beseni kukinga tone hilo, Madeleine akiwa darasani.

“Maman Madeleine, godoro imelowa tena,” alisema. “Kule kwa inspekta, bati iko na vumbi tu.”

Madeleine alikwenda kwa inspekta. Inspekta hakukana kwamba shairi lilikuwa la Madeleine. Hata mpishi wake alikuwa akija kuteka maji ya mvua hiyo kwa Madeleine, kwa kuwa bomba lao lilikauka.

“Citoyenne, mvua haiko na sinyature, haiko na sahihi ya mtu,” alisema, akimwita raia kama serikali ilivyoagiza. “Na kule Shabunda, mbali msituni, wanatafuta mwalimu.”

Madeleine alikuwa na mama mgonjwa nyumbani, asiyeweza kusafirishwa. Akarudi kufundisha.

Katika mtihani waliulizwa idadi ya mizani za mshororo wa tatu. Karatasi ya majibu kutoka kwa inspekta ilisema nane. Wanafunzi thelathini na tisa waliandika nane bila kuhesabu. Mmoja tu, Nsimire, aliandika tisa, akapata alama nyekundu, na kwa alama hiyo moja akaanguka. Akaja mezani kwa mwalimu na karatasi yake.

“Citoyenne, nilihesabu na vidole.”

“Hesabu tena.”

Mtoto akahesabu kwa sauti, polepole. La-bi-sha-kwa-Cha-ma-ba-ti-ni. Kidole cha tisa kilipoinuka, Madeleine alisikia kutoka chini beseni likiburutwa sakafuni.

“Ni nane,” alisema, akamrudishia karatasi.